Mwaka Shule Ilipomwita Baba Badala ya Mjomba

Nilitoka asubuhi, kengele ya shule bado haijalia, nikiwa na kipande cha muhogo wa kuchemsha mfukoni na bila mpango wowote kichwani. Nilijua ninamtafuta nani: Mwero, mjomba wa rafiki yangu Tsuma, mchoma chokaa. Wapi alikokuwa akiichoma chokaa hiyo, sikujua. Mtu mmoja alikuwa amesema Kisauni, na mimi Kisauni nilikuwa sijafika. Katika akili yangu ilikuwa mahali padogo kama uwanja wa mpira, mtu husimama katikati akaita jina na kuitikiwa. Basi nikaifuata barabara ya Changamwe kuteremkia Makupa. Ilikuwa miaka ya vita. Malori ya jeshi yalinipita moja baada ya jingine yakinitimulia vumbi, na kila lililopita nililitamani. Sikuwa nimemuaga mwalimu. Nilijua tu kwamba nisipokwenda mimi, Tsuma hatarudi shuleni kamwe, kwa sababu wote waliopaswa kuzungumza walikuwa wamenyamaza, kila mmoja kwa heshima zake.

Tangu siku ile nimetembea sana, kwa miguu, kwa gari moshi na kwa migongo ya malori, na sehemu nyingi nilizofika sasa zimechanganyika kichwani kama nguo katika furushi. Asubuhi ile haijachanganyika na kitu. Imenirudia upya mwezi uliopita, Miritini, kwenye harusi ya mjukuu wa Tsuma. Walituweka wazee watatu kwenye jamvi moja: Tsuma bwana shughuli, mimi, na Barnaba, ambaye mpaka leo ana pengo mbele kinywani. Tulikuwa kwenye sinia la wali wa nazi na nyama ya mbuzi, Barnaba akitafuna kwa upande mmoja, pakaja kitoto kikamsimamia na kumtazama bila haya. "Babu, jino lako lilikwenda wapi?" Barnaba akamwelekezea Tsuma kidole chenye mchuzi. "Muulize huyo. Yeye ndiye aliyelitoa, na mbuzi wake nililamba mifupa." Tsuma akacheka mpaka akakohoa. Watoto wakajaa, wakataka kisa chote, na wale wawili wakanisukumia mimi: "Muulizeni Daudi. Yeye ndiye aliyekuwa na miguu." Pale niliwaambia kwa ufupi, kwa kuwa wali ulikuwa unapoa. Hapa nitakieleza kama kilivyokuwa.

Shule yetu ilikuwa ya misheni, nyumba ndefu ya udongo yenye paa la makuti, na nyuma yake shamba na kisima. Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Elifazi, mtu wa bara, mwembamba, mwenye viatu vilivyopigwa rangi hata siku za mvua. Alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo mapema ili asieleweke vibaya, maana katika kisa hiki alikosea. Kiranja wetu alikuwa Barnaba, mrefu kuliko baadhi ya walimu. Kazi aliyopewa ilikuwa kuwasimamia wadogo wakiteka maji ya kumwagilia mboga za shule. Kazi aliyojipa mwenyewe ilikuwa kuwatandika kwa kamba ya ndoo. Aliyemwaga maji alipigwa, aliyechelewa alipigwa, na aliyelia alipigwa ili anyamaze. Migongo ya watoto wa darasa la kwanza na la pili ilikuwa na alama, na hakuna aliyesema, kwa sababu ilijulikana kuwa msemaji wa leo ndiye mteka maji wa kesho. Siku moja Barnaba alimkunjia kamba mtoto aliyekuwa ameteleza na ndoo. Tsuma, aliyekuwa akipalilia karibu, akaishika ile kamba. "Basi, Barnaba. Huyu zimemtosha." Barnaba akaing'oa mikononi mwake na kumchapa nayo shingoni. Tsuma akageuka na mpini wa jembe. Sikuona jino likitoka. Niliona damu kwenye shati jeupe, na niliona kuku wa mwalimu wakikimbia.

Siku hizo sheria ya shule ilikuwa fupi. Mwanafunzi akimtoa mwenzake damu, hukaa nje ya shule mpaka baba yake aitwe. Baba huja, husema lake, na mwalimu huamua. Watoto hawakuulizwa. Mwalimu Elifazi aliamini kwamba mtoto mbele ya wazazi hufunga mdomo, na kwamba ukweli wa nyumba uko kwa baba. Kwa hiyo ujumbe ulipelekwa kwa baba wawili, na siku ya shauri nilijitolea kufagia chini ya dirisha la ofisi. Sijawahi kufagia vizuri kama siku ile. Baba yake Barnaba, karani wa reli, alikuja na koti na tai, akaongea maneno yaliyopangika kama mabehewa: mwanawe ni kiongozi, kiongozi hupewa heshima, kiongozi akipigwa na mpini shule imepigwa. Hakusema uongo hata mmoja; alisema aliyoambiwa nyumbani. Mzee Nyawa, baba yake Tsuma, aliketi pembeni karibu na mlango, kofia juu ya goti, akitazama nje.

"Mzee Nyawa," mwalimu akasema, "umesikia. Una neno gani juu ya mwanao?"

"Nimesikia, mwalimu."

"Nakuuliza neno lako."

"Haya si yangu kuyasema."

"Si yako? Huyu si mwanao?"

"Ni mwanangu."

Nilisikia kiti kikilia, na Mwalimu Elifazi akapumua kwa nguvu. Aliposema tena sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Mzazi akimwacha mtoto wake hivi, mimi nitamshika kwa mkono gani? Tsuma asirudi tena." Mzee Nyawa akainuka, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Jioni hiyo nilimfuata Tsuma hadi kwao nikiwa na hasira na baba yake. Mimi si Mduruma kama wao, na niliona mzee yule amemuuza mwanawe kwa woga. Tsuma alikuwa anamenya muhogo pamoja na mama yake, akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeuliza maji yanatoka wapi. "Baba angesemaje? Kuna damu." Ndipo nikaelezwa, nusu na yeye, nusu na mama yake. Kwao mashamba na jina hutoka kwa baba, lakini damu iko upande wa mama. Mtoto akimwaga damu ya mtu, au damu yake ikimwagwa, mjomba ndiye hujibu na ndiye hulipa. Baba akilisemea, amewapokonya mashemeji zake kitu chao. Mzee Nyawa alikuwa amekwenda shuleni kuonyesha heshima tu, na alikaa pale karibu na mlango akisubiri mwalimu aseme, kama mtu yeyote mwenye akili angesema, kwamba mjomba aitwe.

"Basi mwiteni," nikasema.

Mama yake akatikisa kichwa. "Sisi hatuwezi, mwanangu. Anayedai ndiye hutuma wito. Tukimwita sisi, ni kama tunamtwisha ndugu yangu kosa ambalo hakuna aliyemdai. Shule haijamdai."

"Na shule haijui kama yupo."

"Ndiyo hivyo," akasema, akaendelea kumenya.

Usiku sikulala vizuri kwa furaha ya ajabu, furaha ya mtu aliyeona mahali kamba ilipokatika. Kulipokucha nikatoka.

Kisauni haikuwa kama uwanja wa mpira. Nilivuka kisiwa chote, nikavuka daraja la Nyali lililokuwa likielea na kuyumba chini ya miguu yangu, nikatokea upande wa pili nikakuta minazi isiyo na mwisho na njia za mchanga zilizogawanyika kila nilipofikiri nimeshika moja. Kongowea nilimkuta mama mmoja, mnene, amejitanda leso, anauza mahamri na mbaazi mbele ya nyumba yake. Nadhani nilizitazama sana zile mbaazi chunguni. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Wenda wapi na vumbi hilo?" Nikamwambia namtafuta Mwero mchoma chokaa. "Wachoma chokaa ni wengi kama nzi. Huyu ndiye yupi? Mfupi?" Sikujua. "Mweusi?" Sikujua. "Basi wamjua nini, wewe?" Nikamwambia namjua mpwa wake, na kwa nini nimekuja. Akaacha kukaanga. Akanipa mahamri nikala huku akinisaili kwa kirefu juu ya mwalimu, baba, kiranja na jino, akawaita na majirani wawili wasikie, na kila nilipofika mahali pa Mzee Nyawa walisema kwa pamoja, "Masikini!" Mmoja wa majirani akasema, "Huyo si yule apendaye koti? Mwero wa koti? Yuko Utange." Wakanielekeza wote watatu kwa mara moja, mikono ikipishana. Nilipoinuka yule mama alinifungia mahamri mengine katika jani la mgomba. "Mpe huyo mjomba. Na umwambie asiende na maneno matupu."

Utange wakati ule ilikuwa vichaka na mashamba, na moshi ulinionyesha njia. Tanuri la chokaa lilikuwa duara kubwa la magogo yaliyopangwa, juu yake mawe ya matumbawe, yote yakifukuta polepole. Watu waliolizunguka walikuwa weupe kuanzia nywele hadi kucha. Nikaita, "Mwero!" na mweupe mmoja akageuka. Nilimsalimu, nikampa mahamri, nikamwambia kuwa Tsuma ametoa jino la mtu na amefukuzwa shule.

Alikaa chini juu ya jiwe. Aliuliza swali moja tu. "Nani amekutuma? Shemeji yangu Nyawa?"

Hapo nilielewa kuwa kila kitu kinategemea jibu langu. Ningesema Nyawa, asingekuja. Ningesema hakuna aliyenituma, asingeweza kuja. "Mimi ni mwanafunzi," nikasema. "Nimetoka shuleni."

Akanitazama sana. Mdomo wake ukaanza kucheka kabla ya macho. "Basi shule imeniita."

"Imekuita, mjomba."

Akasimama akapiga makofi, vumbi jeupe likapaa. "Mmesikia? Shule imeniita mimi!" Wenzake wakamshangilia na kumtania: "Atafundisha nini, kuungua?" "Mwero mwalimu, tumekwisha!" Akawatukana kwa upendo, akanipa ugali na kipande cha papa mkavu aliyekuwa na chumvi ya kukata ulimi, kisha akaenda kujiandaa. Kujiandaa kwake kulikuwa kirefu. Alioga, akavaa koti jeusi zito lililokuwa la mzungu fulani aliyerudi kwao, koti la nchi ya baridi, akafunga vifungo vyote jua likiwa kichwani. Halafu akaleta mbuzi kutoka kwa jirani. Nikauliza mbuzi wa nini. "Kwani wewe ungekwenda kwa watu mliowatoa damu mikono ikining'inia?" Alasiri lori la chokaa likaja kupakia mzigo wa mjini, naye akamwomba dereva atufikishe Changamwe. Hivyo ndivyo nilivyopanda lori kwa mara ya kwanza maishani, nimekaa juu ya magunia ya chokaa na mbuzi katikati ya magoti yangu, Mwero kando yangu amesimama na koti lake kama gavana. Tulipoteremka Changamwe tulikuwa weupe sote watatu, na mbwa wa Changamwe wote walitusindikiza.

Asubuhi yake tuliingia uwanja wa shule watoto wakiwa mstarini. Nyuma ya Mwero walikuja Mzee Nyawa, mama yake Tsuma, na Tsuma mwenyewe. Mstari ukavunjika kwa kicheko, kwa sababu ya koti na mbuzi. Mwalimu Elifazi akatoka ofisini.

"Wewe ni nani, bwana?"

"Mimi ndiye niliyeitwa."

"Mimi sikukuita. Nilimwita baba."

"Alikuja?"

"Alikuja."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu."

"Alifanya vyema kabisa," Mwero akasema, akamgeukia Mzee Nyawa na kumpa mkono. Nilimwona Mwalimu Elifazi akiutazama mkono ule, na nyuso za watu wale wawili, na kitu kikageuka usoni pake. Baadaye alituambia darasani kwamba hata kwao bara kulikuwa na shauri ambalo baba halifungulii mdomo, na kwamba aliona aibu kulisahau kwa sababu tu alikuwa mbali na kwao. Lakini pale uwanjani alisema neno moja: "Mjomba?" Mwero akainamisha kichwa. Mwalimu akatuma mtu stesheni kumwita baba yake Barnaba.

Karani alipofika, Mwero alimkabidhi kamba ya mbuzi kabla ya salamu kwisha. Mwalimu akaruka. "Hapana, hapana! Shule hii haipokei hongo!"

"Si yako, mwalimu, tulia. Ni ya mwenye jino." Kisha akamwambia karani, kwa sauti nyingine kabisa, ya chini, "Bwana, mtoto wetu amemwaga damu ya mtoto wenu. Sikuja kukataa. Jino halirudi, lakini pole yetu ndiyo hii." Karani alisimama na tai yake, kamba mkononi, mbuzi akilamba chokaa kwenye kiatu cha Mwero, na kwa mara ya kwanza hakuwa na maneno yaliyopangika. Akasema tu, "Asante." Mwero akapangusa mikono. "La jino limekwisha. Sasa tuulize lilivyotoka. Nani alikuwepo?"

Alitutazama sisi, watoto. Mwalimu alifungua kinywa, akakifunga, akasema, "Aliyekuwepo aseme."

Nilijitokeza mbele. Nilisema juu ya kisima, ndoo, kamba, mtoto aliyeteleza, na kamba shingoni mwa Tsuma. Nilisema na yale ya wiki zote za nyuma. Nilipomaliza nilidhani nimeachwa peke yangu. Kisha nyuma yangu sauti nyembamba ikasema, "Na mimi," na mtoto wa darasa la kwanza akavua shati. Akavua mwingine. Wakavua karibu wadogo wote, wakageuza migongo jua likiwapiga, uwanja mzima wa migongo, na hakuna aliyekuwa akilia. Walikuwa wakisukumana nani aonekane kwanza.

Karani alimwita mwanawe mbele. "Kweli?"

"Kweli, baba."

Akamgeukia mwalimu. "Siku ile niliongea sana hapa. Nimejifunza leo kuwa yule mzee aliyenyamaza alikuwa na haki kuliko mimi." Akatembea mpaka kwa watoto, akampa yule wa kwanza aliyevua shati ile kamba ya mbuzi. "Huyu ni wenu. Mwambieni mpishi."

Uwanja ulilipuka. Sijasikia kelele ile tena, hata siku vita vilipokwisha. Tsuma alibebwa juu juu, mjomba akabebwa na koti lake, na mimi nikapigwa makofi ya mgongoni mpaka nikakohoa. Mchana tulikula mbuzi yule, kipande kidogo sana kwa kila mtu na mchuzi mwingi, karani amekaa chini kwenye majani kati ya Mwero na Mzee Nyawa, tai imefunguliwa, wakibishana juu ya kilichokuwa kigumu zaidi, kuchoma chokaa au kuandika barua za wakubwa. Barnaba alivuliwa ukiranja, na kwa muhula mzima yeye na Tsuma waliteka maji wawili kwa ndoo moja. Urafiki wao ulianzia hapo, kwa kulazimishwa, na Barnaba husema ni bora kuliko ule wa hiari. Mwalimu Elifazi naye alibadilisha sheria. Mtoto akiumia au akiumiza, habari zilikwenda kwa nyumba zote mbili siku iyo hiyo, watoto waliulizwa kwanza, na kila nyumba iliulizwa ni nani husema kwao. Wakaanza kuja wajomba, nyanya, shangazi, mara moja hata mzee kipofu aliyeongozwa na mkewe, na mwalimu aliwapa wote kiti kile kile.

Alitaka nibaki, nisome mpaka niwe mwalimu. Nilibaki hadi mwisho wa mwaka, kwa heshima yake. Lakini kila lori lililopita barabarani lilinitoa darasani hata kama mwili umekaa kwenye benchi. Nilikuwa nimegundua kwamba mtu aweza kutoka asubuhi hajui njia, akauliza, akafika, na kitu kikabadilika. Shule haikuwa na somo la kushindana na hilo. Shule ilipofungwa nilikunja mkeka, nikavuka kisiwa upande mwingine, nikapanda kivuko cha Likoni kwa sababu tu nilikuwa sijafika ng'ambo yake.

Nilibisha hodi nyumba kadhaa nikitafuta pa kulala na kazi yoyote. Katika nyumba ya mwisho, uani, alikuwepo mama wa Kidigo aitwaye Bi Mwanasha, anakuna nazi juu ya mbuzi ya kukunia. Alinisikiliza bila kusimamisha mkono. Chumba kipo, akasema, cha nyuma, na bandarini mumewe hakosi kazi ya kijana mwenye mgongo. Nikashukuru, nikachukua mkeka wangu nielekee mlangoni.

"Ngoja. Kwenu wajua uko hapa?"

"Watajua, mama."

"Watajua lini?"

Akamwita mwanawe aliyekuwa akitengeneza baiskeli. "Jumaa, kivuko hakijaondoka. Nenda Changamwe kwa kina huyu. Mamake mwambie hivi: mtoto yuko Likoni kwa Mwanasha, mzima, na amekuja kwa miguu yake, hakufukuzwa na mtu."

Nilimweleza Jumaa njia, nyumba, na jina la mama. Akapanda baiskeli, akatoweka kwenye kona ya ua wa makuti. Bi Mwanasha alimtazama mpaka alipopotea, ndipo akafuta mikono kwenye leso, akachomoa ufunguo kiunoni, akanifungulia. Ndani palikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo, na harufu ya nazi.

"Sasa ingia, baba," akasema. "Sasa wewe ni mgeni wangu."